Namna ya Kununua Gari Lililotumika Tanzania: Anza na Kadi, Kisha Injini

Mnunuzi wa kawaida anayekwenda kutazama gari lililotumika jijini Dar es Salaam huanza kwa kufungua boneti, husikiliza muungurumo, huzunguka bodi akitafuta mikwaruzo, na mwishoni kabisa, bei ikiwa imekwisha kukubaliwa, ndipo huomba kuiona kadi ya gari. Mwongozo huu unashauri mpangilio ulio kinyume. Injini iliyochoka hupatiwa nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo, gia boksi mbovu hubadilishwa, na hasara ya yote mawili hujulikana kwa shilingi kabla ya fundi kushika spana. Gari lenye kasoro ya umiliki ni jambo jingine: linaweza kuchukuliwa na mkopeshaji, na warithi au na polisi, na aliyelilipia akabaki na mkataba usioweza kumrudishia hata tairi moja.

Kabla ya kwenda yadi yoyote, inafaa mtu aelewe kwa nini magari yetu ni makuukuu kuliko ya jirani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka kumi na mitano. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu: gari dogo la abiria lenye umri wa miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30. Ushuru huo hauwazuii waagizaji, kwa sababu gari la zamani huko Japani bei yake huwa ndogo sana, hasa kutokana na gharama ya ukaguzi wa lazima ambao mwenye gari wa Kijapani hulazimika kuurudia kila baada ya miaka miwili. Ndiyo maana Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, bado ni miongoni mwa magari yanayoonekana kwa wingi barabarani kwetu.

Kutokana na hali hiyo, umri wa gari hapa una sura mbili, na wauzaji wengi hunufaika pale mnunuzi anapozichanganya. Kuna mwaka wa kutengenezwa, na kuna wakati gari liliposajiliwa Tanzania, ambao husomwa kwenye herufi tatu za mwisho wa namba yake, hasa ile inayotangulia. Matangazo husema “namba D” au “namba E” kana kwamba hiyo ndiyo sifa kuu ya gari, na kweli bei hupanda kadiri herufi zinavyosogea mbele. Herufi hizo hueleza tu muda ambao gari limetembea katika barabara zetu. Gari la mwaka 2004 lililoingia nchini juzi litakuwa na namba E, na lile la mwaka 2012 lililoingia mapema litakuwa na namba D. Namba mpya ina faida yake, kwa maana gari halijapigwa na mashimo yetu kwa muda mrefu, lakini raba, mipira ya breki na nyaya huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa Yokohama. Uliza miaka yote miwili, uiandike, kisha uilinganishe na kadi.

Jambo la pili la kufanya ukiwa bado nyumbani ni kujua dari ya bei. Tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika, ambamo unachagua aina ya gari, mwaka, ukubwa wa injini na nchi linakotoka, nacho hukuonyesha thamani inayotambuliwa na mamlaka pamoja na kodi zote. Ni muhimu kutambua kwamba TRA hutumia thamani iliyo kwenye kumbukumbu zake, hivyo ankara ya bei ndogo kutoka Japani haipunguzi kodi. Ili mtu aone uzito wake, tuchukue gari la injini yenye ukubwa kati ya sisi (cc) 1,001 na 2,000, lenye umri wa zaidi ya miaka kumi, na tuseme thamani yake ikifika bandarini ni 100. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 huifanya 125. Juu ya hiyo 125 huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 na ule wa uchakavu wa asilimia 30, jumla ikawa karibu 169. Kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo, na hesabu hufika takriban 199, kabla ya tozo nyingine ndogo, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Kwa maneno mengine, kodi hukaribia kulingana na gari lenyewe. Viwango huweza kubadilishwa kila bajeti mpya inapoanza Julai, kwa hiyo hesabu ya kutegemea ni ile ya kikokotoo siku unapotafuta. Ukishapata gharama kamili ya kuagiza, hutakubali kamwe kulipia gari lililokwisha kutumika hapa nchini bei inayokaribia hiyo, na muuzaji atatambua mapema kwamba anazungumza na mtu aliyepiga hesabu.

Kadi na mwenye kadi

Unapowasiliana na muuzaji au dalali, swali la kwanza liwe hili: jina lililo kwenye kadi ni la nani, na mtu huyo yuko wapi? Jibu likiwa “ni la ndugu yangu”, “ni la aliyeniuzia” au “usijali, mkataba upo”, bado hujapata sababu ya kuondoka nyumbani. Tatizo lililoenea zaidi katika soko letu ni gari lililouzwa mara mbili au tatu kwa mikataba pekee bila umiliki kuhamishwa TRA, kwa sababu kila mnunuzi alitaka kukwepa ada na usumbufu. Kadi hubaki na jina la mmiliki wa kwanza, ambaye huenda amehama mkoa, amefariki au hakumbuki hata rangi ya gari. Mwisho wa mnyororo huo yupo mtu anayetaka kuhamisha umiliki na anahitaji saini, namba ya mlipakodi (TIN) na kitambulisho cha mtu asiyempata. Nionavyo mimi, gari la namna hiyo lisinunuliwe kwa bei yoyote mpaka anayeliuza ahamishe kwanza umiliki uwe wake. Punguzo analokupa ni gharama ya tatizo lake anayokuhamishia wewe.

Dai kadi halisi, si nakala wala picha ya simu. Wakopeshaji wadogo wa mitaani hushika kadi kama dhamana na kumwachia mkopaji gari aendelee kulitumia, na mkopaji aliyebanwa na riba ndiye mara nyingi huwa na haraka ya kuuza. Mikopo ya benki ya kununulia magari mara nyingi huonekana kwenye kadi yenyewe, kwa kuwa jina la benki huandikwa humo; mikopo ya mtaani haiachi alama yoyote isipokuwa ile kadi kukosekana. Ukiambiwa kadi imepotea, mwenye gari ndiye wa kwenda polisi kuchukua taarifa ya upotevu na kisha TRA kupata kadi mbadala, nawe umsubiri amalize.

Kadi ikiwa mkononi, soma namba ya chesisi na namba ya injini, halafu uziangalie kwenye gari kwa macho yako. Magari ya soko la Japani huwa na namba fupi ya chesisi inayoanza na herufi za toleo: IST ya sisi 1,300 huanza na NCP60 na ile ya sisi 1,500 huanza na NCP61, au NCP65 iwapo inavuta magurudumu yote manne. Namba hiyo hugongwa kwenye chuma cha gari na huandikwa pia kwenye kibati ndani ya eneo la injini. Pitisha kidole juu ya ile iliyogongwa. Ukikuta alama za kusaga, kuchomelea au rangi mpya mahali hapo tu, sitisha mazungumzo. Namba ya injini ikitofautiana na kadi, huenda injini ilibadilishwa kihalali, lakini muuzaji ndiye anayepaswa kurekebisha kumbukumbu kabla ya kukuuzia.

Yapo mazingira yanayohitaji karatasi za ziada. Gari la marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye lazima akuonyeshe uteuzi huo. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukiwa na saini za wajomba wote, ni hatua ya kuelekea mahakamani tu na haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Gari la kampuni lihitaji azimio la bodi linaloruhusu mauzo na kumtaja atakayesaini. Gari lililoingizwa kwa msamaha wa kodi, mathalani la shirika au la mradi wa wafadhili, huweza kudaiwa kodi iliyosamehewa pindi linapohamia kwa mtu asiye na msamaha, hivyo uthibitisho wa TRA kwamba kodi hiyo imelipwa uwepo kabla ya mauzo. Gari lenye namba za Zanzibar lina taratibu zake za forodha na usajili kabla halijawa la Bara. Na lipo kundi la hatari kuliko yote, yaani magari yaliyopita bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Malawi, Burundi au Rwanda, ambayo watu huyaita magari ya IT. Gari la namna hiyo halijalipiwa kodi ya Tanzania, na yeyote anayekuuzia hapa njiani kwa bei ya kutupa anakuuzia kosa la forodha.

Baada ya kadi, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani wa kuangalia faini, kisha kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, unaoonyesha kama stika ya bima ni halali. Ulizia pia deni la maegesho. Kazi hii huchukua dakika chache kwa simu, na madeni yatakayopatikana yatolewe kwenye bei au yalipwe na muuzaji mbele yako.

Dalali, yadi na fundi

Dalali si adui. Anajua gari lipi limetoka wapi, na bila yeye magari mengi mazuri yasingefahamika. Hata hivyo, malipo yake hutegemea mauzo kukamilika, na mara nyingi huongeza cha juu kwenye bei aliyopewa na mwenye gari, hivyo haiwezekani akawa mshauri wako. Sisitiza kuonana na mwenye kadi ana kwa ana na kumuuliza bei yeye mwenyewe. Yadi zina unafuu mmoja mkubwa, kwamba magari mengi yameingia karibuni na karatasi za Japani zinapatikana. Omba nakala ya cheti cha kuondoa gari kwenye usajili wa Japani, ambacho huonyesha mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, na mara nyingi kilomita zilizosomwa. Miaka humo huandikwa kwa zama za wafalme: kwa Heisei ongeza 1988, hivyo Heisei 16 ni 2004, kwa Reiwa ongeza 2018. Ikiwa gari lilinunuliwa mnadani, omba pia karatasi ya mnada, ambayo hulipa gari daraja kulingana na hali yake. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina kasoro za wastani, na herufi R humaanisha gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayesifia “daraja la nne na nusu” bila karatasi hajasema chochote kinachoweza kuthibitishwa.

Tafuta fundi wako mwenyewe, anayelifahamu gari la aina hiyo, na mkubaliane malipo ambayo atayapata ukinunua au usinunue. Sharti hili ni zito kuliko linavyoonekana. Fundi anayelipwa tu gari likinunuliwa, au anayepewa chochote na dalali, atayaona mazuri peke yake. Fundi asiyejali matokeo atakuambia ukweli, na ujira wake ni mdogo mno ukilinganisha na gia boksi moja.

Nenda asubuhi, na mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti; ikiwa ya moto, limeshapashwa ili lisikohoe mbele yako. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili na kile cha rejeta. Ute wenye rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili huashiria maji yanaingia kwenye injini. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya cheki injini na ile ya mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha zizimike injini inapowaka. Taa isiyowaka kabisa imezibwa au imeng’olewa, na mtu haing’oi isipokuwa ana jambo la kuficha. Injini ikiwaka, mtu asimame nyuma atazame moshi. Wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni maji, na mweusi ni petroli isiyoungua vizuri. Kisha fundi apime kwa kompyuta na aangalie kama kumbukumbu za hitilafu zimefutwa karibuni.

Gia boksi ya otomatiki ndiyo inayowatia watu hasara kubwa kuliko kitu kingine chochote katika magari haya, kwa hiyo ipe muda. Kanyaga breki, toa gia kutoka N kwenda D, halafu R, mara kadhaa, injini ikiwa baridi na tena ikiwa moto. Gari lishike mara moja bila kushtuka. Likichelewa au likipiga teke, gia boksi imechoka. Mafuta yake yakiwa na kijiti cha kupimia, yawe mekundu yasiyo na harufu ya kuungua. Liendeshe kwenye lami kwa mwendo, uone kama gia zinabadilika kwa ulaini, kisha ulipitishe barabara ya vumbi yenye mashimo, redio ikiwa imezimwa na vioo vimeshushwa. Hapo utasikia bushi, boljointi na shokapu zikijieleza zenyewe. Panda kilima kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na tazama mshale wa joto.

Usiamini mita ya kilomita peke yake, kwa kuwa kurudishwa nyuma ni kazi ya muda mfupi. Amini raba za pedali, ngozi ya usukani, kitambaa cha kiti cha dereva na mlango wake. Gari linalosomeka kilomita elfu sitini huku raba ya breki imelika hadi chuma limetembea zaidi ya hapo. Magari yaliyofanya kazi ya teksi za mtandaoni huchakaa pia viti vya nyuma na vitasa vya milango ya abiria, jambo lisilo la kawaida kwa gari la mtu binafsi.

Kuhusu bodi, itazame juani. Tofauti ya rangi kati ya mlango na mlango, chembe za rangi kwenye raba za vioo, na boliti za boneti zilizoparuka huonyesha palipofunguliwa na kupigwa rangi. Kupigwa rangi si dhambi. Kilicho muhimu ni kujua kama ajali ilifika kwenye chesisi, na fundi atalijua hilo akiwa chini ya gari. Huko huko chini aangalie kutu, maana magari yaliyotoka mikoa ya theluji ya Japani, kama Hokkaido, huwa yametembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani, na hapa Pwani upepo wa bahari huendeleza kazi hiyo.

Dar es Salaam ina hatari yake ya pekee, nayo ni gari lililozama kwenye mafuriko. Kila masika bonde la Msimbazi hufurika, na magari yaliyokaa ndani ya maji husafishwa, hukaushwa na kurudi sokoni yakiwa yanang’aa. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake, kwa sababu sehemu ile ya ndani haioshwi na hubaki na mstari wa tope. Inua zulia, nusa, angalia kutu kwenye reli za viti na mchanga kwenye shimo la tairi la akiba. Ukithibitisha kwamba maji yalifika kwenye dashibodi, achana nalo hata likiwa linawaka vizuri siku hiyo, kwa maana nyaya zitaanza kuoza baadaye, moja baada ya nyingine, na hakuna fundi atakayezimaliza.

Bei, malipo na kuhamisha umiliki

Bei izungumzwe baada ya ukaguzi, ukiwa na orodha ya fundi mkononi. Jumlisha gharama ya kila kinachohitaji kubadilishwa ndani ya miezi mitatu, yaani matairi, betri, bushi, breki na servisi kamili, na uitoe kwenye bei ya soko ya gari la aina na namba hiyo. Matairi yana tarehe yake: tarakimu nne ndani ya duara la mviringo, wiki kisha mwaka, kwa mfano 1519 ni wiki ya 15 ya mwaka 2019.

Arubuni, au kishika uchumba kama wengi wanavyokiita, isitolewe kabla kadi haijahakikiwa, na ikitolewa iandikwe kwamba itarejeshwa endapo kasoro ya umiliki itajitokeza. Mkataba wa mauziano uandaliwe mbele ya wakili, ukitaja namba ya usajili, ya chesisi na ya injini, bei yote halisi, na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu kwa sababu faini au ajali ya asubuhi ile ni ya aliyekuwa na gari asubuhi ile. Lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi. Akaunti ya dalali au ya shemeji haikubaliki, hata kwa maelezo mazuri kiasi gani.

Kuhamisha umiliki TRA kunahitaji kadi halisi, mkataba, TIN na vitambulisho vya pande zote mbili, na kuna ada ya kuhamisha, ada ya kadi mpya na ushuru wa stempu, ambao huhesabiwa kwa thamani ya gari. Kubalianeni nani analipa kabla ya kusaini. Wapo wanaoandika bei ya uongo kwenye mkataba ili kupunguza ushuru. Wakumbuke kwamba mgogoro ukifika mahakamani, watadai kiasi kile kilichoandikwa. Inapowezekana, malizeni uhamisho siku ile ile ya malipo, muuzaji akiwapo, kwa kuwa mtu aliyekwisha kupokea fedha zake hupatikana kwa shida.

Kadi yenye jina lako ikishatoka, nenda kwa kampuni ya bima ubadilishe jina kabla hujaliendesha gari umbali wowote, kwa sababu bima iliyobaki na jina la mmiliki wa zamani huweza kuzua ubishi wakati wa madai. Kisha badilisha oili, vichungi na mafuta ya gia boksi hata ukiambiwa vilibadilishwa wiki iliyopita, uandike kilomita za siku hiyo kwenye daftari, na uhifadhi nakala za kadi na mkataba mahali pengine mbali na gari.